Povu la kokteli yangu ya ndimu hutoweka kabla sijaketi: nakosea wapi?

#1 Mpangaji_SouthB · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Hamjambo wanajukwaa. Hii ni wiki ya tatu nikijaribu kutengeneza nyumbani kokteli chachu ya wiski, ile ambayo kwenye baa huletwa ikiwa imevaa tabaka jeupe la povu laini na zito, kiasi kwamba ukidondosha tone la bitasi (kile kileo kichungu cha mimea) juu yake tone hilo hubaki palepale hadi umalize glasi. Vipimo vyangu ni mililita 60 za wiski, 30 za maji ya ndimu, 20 za shira na ute wa yai moja. Kwa kuwa sina chombo maalumu cha kutikisia, ninatumia chupa pana ya plastiki iliyokuwa na siagi ya karanga, nikitia barafu na kutikisa kwa sekunde 15 kama nilivyoona kwenye video.

Povu hupanda urefu wa kidole kimoja. Halafu naona matundu yakifunguka, makubwa kama ya sabuni kwenye karai, na kabla ya dakika tatu kwisha kinabaki kinywaji kitupu chenye nyuzinyuzi za yai. Mayai ni ya duka la jirani, ndimu ni zile kubwa za njano nilizonunua soko la City Park, na sukari ni ya kahawia ya kawaida. Nisaidieni.

#2 Kaunta_Usiku · saa 3:58 usiku

Karibu ndugu. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta kwa miaka tisa, na kosa ninaloliona ni kwamba umetia barafu mapema. Ute wa yai ukishapoa huwa mgumu kukunjuka. Tikisa kwanza vyote pamoja bila barafu, kwa nguvu, sekunde 20 au zaidi, kisha fungua, tia barafu, utikise tena hadi chombo kiume mkono kwa baridi. Chuja kwa kichungi cha chai ili vipande vya barafu na nyuzi za yai zibaki nyuma.

Tahadhari moja: unapotikisa bila barafu, mfuniko haushiki vizuri, kwa sababu ni baridi ndiyo inayoifanya hewa ya ndani isinyae na kuuvuta mfuniko. Katika mwezi wangu wa kwanza kazini mfuniko ulinitoka mkononi na mteja akaloa shati lote, kola hadi vifungo. Shika kwa mikono miwili.

#3 BintiLamu · saa 4:05 usiku

Kaka, kabla hatujafika mbali, hizo ulizonunua si ndimu. Tunda kubwa la njano lenye ganda nene ni limau. Ndimu ni ndogo, ya kijani, ganda lake jembamba kama karatasi, na harufu yake ni kali zaidi. Nairobi watu huita yote ndimu, lakini mtu akikuandikia kipimo cha ndimu nawe ukatia limau, ladha inabadilika. Uchachu wao hauachani sana, kwa hiyo sidhani kama limau ndiyo iliyoua povu lako.

Mimi nashuku shira. Umesema tu "shira", hukusema ni nzito kiasi gani. Sisi tunaopika kaimati tunajua shira inayoteleza kama maji na shira inayoshika kati ya kidole gumba na cha shahada ikavuta uzi. Ya kinywaji haihitaji kufika kwenye uzi, lakini vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji vitalishikilia povu kuliko kimoja kwa kimoja.

#4 Mpangaji_SouthB · saa 4:11 usiku

Asante dada, ni kimoja kwa kimoja. Na kweli, ni malimau.

#5 Mwalimu_Kemia · saa 4:37 usiku

Nimefurahi kuona swali hili, kwa kuwa povu la yai ni somo ambalo wanafunzi wangu hulielewa upesi wakilishika kwa mikono. Ute wa yai ni maji kwa takriban sehemu tisa kati ya kumi, na sehemu iliyobaki karibu yote ni protini, huku ovalbumini peke yake ikiwa zaidi kidogo ya nusu ya protini hizo. Kila protini ni uzi mrefu uliojikunja. Ukitikisa, uzi hukunjuka. Sehemu zake zinazopenda maji hubaki ndani ya maji, na zile zinazoyakwepa maji hugeukia hewa, kwa hiyo kila kiputo hufunikwa ngozi nyembamba. Nyuzi za jirani zikishikana, ngozi hiyo hukaza na kiputo hakipasuki.

Asidi ya limau husaidia hapa. Ute wa yai una ualkali kiasi, na protini zake hubeba chaji zinazosukumana. Unapotia maji ya limau, chaji hizo hupungua, protini zikakaribiana na ngozi ikawa imara zaidi. BintiLamu amesema kweli kuhusu shira pia: sukari huufanya umajimaji ulio kati ya viputo uwe mzito, ukachelewa kuchuruzika kwenda chini, na kuchuruzika huko ndiko kunakoliacha povu likiwa kavu na lenye matundu.

Adui mkubwa ni mafuta. Kiasi kidogo tu cha kiini cha yai kikiingia, mafuta yake hugombania nafasi kwenye ngozi ya kiputo na kuibomoa. Je, unatenganisha kiini kwa uangalifu?

#6 Mama_Trei · saa 4:44 usiku

Mwalimu, mbona umeuliza kiini na hukuuliza chupa? Soma #1 tena. Anatikisia kwenye chupa ya siagi ya karanga!

#7 Mwalimu_Kemia · saa 4:46 usiku

Umeniwahi, mama. Plastiki hushika mafuta hata ikioshwa kwa sabuni mara mbili. Ndugu Mpangaji, tafuta chupa ya kioo ya jamu yenye mfuniko wa kuzungusha, uisuuze kwa maji moto na siki kidogo.

#8 Rongai_Juu · saa 5:20 usiku

Ninaheshimu kemia, ila jambo moja mmelisahau. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa takriban nyuzi 94 badala ya 100, na hewa ni nyepesi. Dada yangu anaishi Kilifi, anatumia vipimo vilevile vya Mpangaji, na povu lake hukaa. Nimelinywa mwenyewe mwezi wa Desemba, tukakaa barazani robo saa nzima, na lilikuwa bado limesimama. Nikirudi huku nikafuata maagizo yake neno kwa neno, linaanguka. Ikiwa si mwinuko, ni nini?

#9 Mwalimu_Kemia · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Hoja yako ni nzuri lakini sababu haitoshi. Pakiti ya krips iliyofungwa Mombasa huvimba ikifika Nairobi kwa sababu hewa ya pwani imefungiwa ndani. Viputo vya kokteli yako vimejazwa hewa ya Rongai na vimekaa katika hewa ya Rongai, kwa hiyo hakuna kinachovivimbisha. Mwinuko huisumbua keki kwenye joko, kwa sababu huko gesi hutanuka kwa joto. Kwenye glasi ya baridi sioni njia.

#10 Kikombe_Baridi · saa 2:02 asubuhi

Tofauti ya Kilifi na Rongai ni joto la jikoni. Yai lililokaa kwenye meza ya Kilifi mwezi wa Desemba lina nyuzi 30, na la Rongai asubuhi ya Julai huenda lina 15, au limetoka kwenye friji. Ute wenye uvuguvugu hukunjuka upesi. Toa yai kwenye friji saa moja kabla.

Na kwa Kaunta_Usiku, kwa heshima zote, mimi pia nimefanya kazi hiyo na ninafuata njia iliyo kinyume na yako. Natikisa kwanza na barafu hadi kinywaji kipoe, nachuja barafu yote nje, kisha natikisa mara ya mwisho bila barafu. Ukimalizia na barafu, zile kingo za vipande hulikatakata povu ulilolijenga, na maji yanayoyeyuka hulifanya jepesi. Yangu hutoka zito kama malai.

#11 Kaunta_Usiku · saa 2:30 asubuhi

Huwa zito, nakubali, ila kinywaji huwa kimeshaanza kupata joto. Mteja analipia ubaridi pia. Tena povu lako huwa na viputo vikubwa zaidi, nami napenda vidogo, vya kuonekana kama kitambaa.

#12 Kikombe_Baridi · saa 2:34 asubuhi

Poza glasi kwenye friza nusu saa kabla, na ubaridi utaupata.

#13 Daktari_wa_Kuku · saa 4:10 asubuhi

Nimesoma hadi hapa na hakuna aliyegusia usalama, nami siwezi kunyamaza. Yai bichi linaweza kubeba salmonela, na aina moja ya bakteria hao huingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijafanyika, kwa hiyo ganda safi si ushahidi wa chochote. Kuna wanaosema pombe na limau huwaua. Hesabuni wenyewe: mililita 60 za wiski ya asilimia 40, ukijumlisha limau, shira, ute na barafu iliyoyeyuka, zinatoa kinywaji cha asilimia 13 hivi. Kiwango hicho hakimuui bakteria kwa dakika chache ambazo kinywaji hukaa kwenye glasi. Wazee, watoto, wajawazito na mtu yeyote mwenye kinga dhaifu wasipewe yai bichi kwa namna yoyote, liwe kwenye kokteli au kwenye maziwa ya asubuhi ambayo wengine huamini yanatia nguvu.

Kuhusu umri wa yai, jaribio la maji linafaa. Yai jipya hulala chini ya bakuli. La wiki mbili au tatu husimama wima kwa sababu mfuko wake wa hewa umekua. Linaloelea litupwe.

#14 Rongai_Juu · saa 4:25 asubuhi

Daktari, nilisoma kwamba Uingereza walishatangaza mayai mabichi ni salama hata kwa wajawazito.

#15 Daktari_wa_Kuku · saa 4:41 asubuhi

Soma tangazo lote. Ushauri huo ulibadilishwa mwaka 2017, na ulihusu mayai yenye muhuri wa simba, yanayotoka katika mpango ambao kuku wake huchanjwa dhidi ya salmonela. Trei unayonunua kibandani haina muhuri huo, wala muuzaji hawezi kukuambia limekaa juani siku ngapi.

#16 Mama_Trei · saa 4:50 asubuhi

Mimi ndiye huyo muuzaji wa kibandani, na siku ninazijua. Kila trei yangu naiandika tarehe kwa kalamu ubavuni. Mteja akiniambia anataka ute wa kupiga, nampa ya jana au juzi. Ukivunja yai jipya kwenye sahani, ute wake huinuka na kujikusanya karibu na kiini. La zamani hutapakaa kama maji hadi ukingoni. Wapishi wa keki huniambia la zamani huumuka haraka na juu zaidi, ila halikai. Wengine huapa kwamba la kienyeji lina povu zuri kuliko la gredi. Mimi huuza yote mawili, na sijaona tofauti isipokuwa ya rangi ya kiini na ya bei.

#17 Somo_Eastleigh · saa 7:30 mchana

Assalamu alaikum. Nyumbani kwetu hatunywi pombe, lakini povu tunalipenda, na daktari ametutisha kwa haki. Njia yetu ni hii: chai ya rangi nzito, majani ya Kericho, iliyoachwa ikapoa kabisa, badala ya wiski. Ndimu (ndimu ya kweli, BintiLamu), shira iliyochemshwa na tangawizi, na badala ya ute tunatumia maji yaliyobaki baada ya kuchemsha chana. Vijiko viwili vikubwa vya maji hayo huchukua nafasi ya ute wa yai moja. Yatikise kama yai. Povu ni jeupe kabisa na halina harufu.

#18 Mpangaji_SouthB · saa 7:42 mchana

Yaani maji ya ndengu?

#19 Somo_Eastleigh · saa 7:50 mchana

Hapana, usije ukapoteza ndengu zako. Ndengu ni zile ndogo za kijani tunazokula na chapati. Chana ni kubwa, za rangi ya maziwa, zenye kichwa kama cha kifaranga. Watanzania huziita dengu, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya hadi ziive, kisha uziache zipoe ndani ya maji yake. Yakiwa mepesi, yarudishe motoni bila chana hadi yavutike kidogo kama ute. Usitie chumvi wala mafuta.

#20 Mwalimu_Kemia · saa 8:05 mchana

Yanafanya kazi kwa sababu chana huachia protini na wanga ndani ya maji. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeanza kuyaeleza mtandaoni mwaka 2014. Sijapima kama povu lake hukaa muda mrefu kuliko la yai. Somo, lako hukaa dakika ngapi?

#21 Somo_Eastleigh · saa 8:09 mchana

Hadi watoto wamalize kugombania kijiko. Sijawahi kuweka saa.

#22 Kumbukumbu_za_Baa · saa 2:15 usiku

Ninapenda historia ya vinywaji, niruhusuni. Kokteli chachu yenye yai inayojulikana sana ni Pisco Sour, ya pombe kali ya zabibu. Mmarekani Victor Morris alifungua baa yake Lima mwaka 1916, na mhudumu wake Mario Bruiget ndiye anayetajwa kuongeza ute wa yai na bitasi. Peru huiadhimisha kila Jumamosi ya kwanza ya Februari. Chile nayo hudai kinywaji hicho ni chake, lakini kwa kawaida huko hawatii yai.

Na kwa wanaobishana juu ya sekunde 15 au 20: Henry Ramos wa New Orleans, aliyebuni mwaka 1888 kinywaji cha jin, ute wa yai, krimu na maji ya maua ya mchungwa, alitaka kitikiswe dakika 12. Aliajiri vijana wa kupokezana chombo. Krimu ina mafuta mengi, na bado povu lake husimama juu ya ukingo wa glasi. Mwalimu, hapo nadharia yako ya mafuta inasemaje?

#23 Mwalimu_Kemia · saa 2:40 usiku

Inatikisika. Krimu ina protini zake na mafuta yake yamefungwa kwenye chembe ndogo, si mafuta huru kama ya karanga. Lakini nakiri swali ni zito na nitalifikiria.

#24 Rongai_Juu · saa 2:52 usiku

Tunataja Lima na New Orleans ilhali Nairobi ina kokteli yake ya ndimu, dawa ya mkahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, asali, sukari na barafu, na kijiti cha kuisongea. Haihitaji yai.

#25 BintiLamu · saa 2:58 usiku

Haina povu pia, ndugu yangu, na uzi ni wa povu. Ila umenikumbusha kitu. Kuna gundi ya mgunga inayotoka Samburu, Isiolo, Marsabit na Wajir, ile inayosafirishwa nje kwa viwanda vya vinywaji na peremende. Zamani wahudumu wa baa waliiyeyusha ndani ya shira ili kinywaji kiwe laini mdomoni. Tunayo kwetu, na nadhani ingelisaidia povu kuliko sukari peke yake. Saga gramu 30, loweka kwa maji usiku mzima, changanya na shira nzito.

#26 Kaunta_Usiku · saa 3:20 usiku

Hiyo nitaijaribu kazini. Mpangaji, usiache bitasi: matone matatu juu ya povu. Kinywaji kikianza kupata joto, yai hutoa harufu kama ya manyoya yaliyoloa, na bitasi huifunika.

#27 Mpangaji_SouthB · Jumapili, saa 11:05 jioni

Nimerudi na matokeo. Nilitumia chupa ya jamu iliyosuuzwa kwa siki, malimau yaleyale, mayai yaliyokaa nje ya friji tangu asubuhi, na mtikiso bila barafu kwa sekunde 30 kabla ya ule wa barafu.

Glasi ya kwanza ilikuwa ya yai la jana, kutoka kwa jirani anayefuga. Povu lilipanda kidole kimoja na nusu, limeshikamana kama kitambaa alivyosema Kaunta_Usiku, na tone la bitasi lilibaki katikati hadi dakika ya kumi na tano nilipokunywa. Ya pili ilikuwa ya yai la dukani ambalo lilisimama wima ndani ya maji. Ilipanda vidole viwili kamili, nikashangilia, lakini kufikia dakika ya sita matundu yakaanza kufunguka ukingoni. Ya tatu nilitumia chupa ya zamani ya siagi ya karanga na yai la jana, nikiwa nimeisugua kwa siki na maji moto. Dakika nne tu, likaisha.

#28 Mwalimu_Kemia · saa 11:20 jioni

Basi ni mafuta.

#29 Kikombe_Baridi · saa 11:26 jioni

Si lazima. Glasi ya tatu uliitikisa ya mwisho? Barafu ilikuwa bado ngumu?

#30 Mpangaji_SouthB · saa 11:31 jioni

Ya mwisho, ndiyo. Barafu ilikuwa imeanza kuogelea kwenye maji yake, na mkono ulikuwa umechoka. Sikulifikiria hilo.

#31 Rongai_Juu · saa 11:34 jioni

Na dakika kumi na tano ndizo dada yangu anazopata Kilifi. Basi mwinuko nauweka kando, hadi Desemba nitakapobeba chupa ya jamu na mayai ya Mama_Trei hadi kule.

#32 BintiLamu · saa 11:40 jioni

Hongera kaka. Shira ilikuwa ipi?

#33 Mpangaji_SouthB · saa 11:42 jioni

Ileile nyepesi ya Ijumaa, dada. Sasa hivi nimebandika sufuria, vikombe viwili kwa kimoja.